Bunduki ya Wenzo na Nguruwe wa Mwambao wa Ziwa

Miongoni mwa maswali yanayonifikia hapa Butimba kutoka kwa watu wenye mashamba ng'ambo ya ghuba, Sengerema na Buchosa, na hata visiwa vya Ukerewe, hakuna linalorudi mara nyingi kuliko hili la nguruwe mwitu. Na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, likawaondolea wasafiri adha ya kungojea kivuko, waulizaji wamekuwa wakija wenyewe badala ya kutuma salamu. Aghalabu muulizaji amekwisha ona mahali fulani picha ya bunduki fupi, nyembamba, yenye wenzo wa chuma chini ya kifyatulio, ambayo mpigaji akiusukuma wenzo huo na kuuvuta huwa tayari kupiga tena. Amesikia kwamba Wamarekani huipenda kwa nguruwe, naye ataka kujua kama itamfaa, na ikiwa itamfaa, anunue ya namba gani. Swali ni la haki, ila limeanzia mwisho. Rai yangu ni kwamba mtu wa mwambao huu apasa kuchagua kwanza mahali risasi yake itakapoishia, kisha achague risasi yenyewe, na bunduki ije ya tatu. Na mwenye kufuata utaratibu huo ataona kwamba bunduki ya wenzo yastahili sehemu kubwa ya sifa inazopewa, na kwamba hata hivyo wengi wanaoiulizia hawana sababu ya kuinunua.

Mnyama mwenyewe ajulikane kwanza, kwa maana wako wawili na watu huwachanganya. Ngiri ni wa mchana. Hulala shimoni, hupenda majani mafupi na nchi iliyo wazi, na hasara yake shambani si kubwa sana. Mharibifu wa mihogo na viazi ni nguruwe mwitu hasa, mwenye manyoya marefu mgongoni na masikio yenye vishungi, ambaye uzito wake kwa kawaida ni baina ya kilo 55 na 80, ingawa dume lililoshiba huweza kupita hapo kwa mbali. Huyu hutembea usiku pamoja na kundi lake, mchana hujificha penye giza la vichaka, na akiingia shambani hali kama mla nafaka bali hufukua: hulima tuta la viazi kwa pua kutoka mwanzo hadi mwisho, akatafuna kimoja na kuvikanyaga vitano. Katika nyumba ya Kisukuma hasara hiyo haiishii kwenye chakula cha leo, kwa sababu viazi vile ndivyo ambavyo vingekatwa vikaanikwa kuwa michembe, au kuchemshwa na kukaushwa kuwa matobolwa, akiba ya miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya. Ndiyo maana simlaumu mkulima anayefika kwangu akiwa na hasira, na ndiyo maana naona suala hili linastahili kuandikwa kwa urefu.

Sasa tutazame mahali anapokaa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, nayo ni sheria njema kwa maji na kwa mazalio ya samaki. Lakini matokeo yake, palipo na watu wanaoiheshimu, ni kwamba baina ya shamba na maji hubaki mkanda wa matete, mafunjo na miti ya mwitu, na mkanda huo ndio nyumba ya nguruwe. Hutoka humo usiku, hatua chache tu, akala, akarudi. Kwa hiyo mwindaji wa mwambao hapigi kwa umbali wa mita 200 kama wapigavyo watu wa mbugani, bali kwa mita 20, au 40, au zikizidi sana 70. Humwona mnyama kwa sekunde mbili au tatu kabla hajamezwa na matete. Na ampigapo akiwa ameuelekea ukingo, nyuma ya mnyama kuna matete, na nyuma ya matete kuna ziwa.

Katika ziwa hilo wamo watu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo, kwa kuwa dagaa huvutwa na taa na mwanga wa mwezi huipunguzia taa nguvu. Na usiku wa namna hiyo hiyo ndio ambao nguruwe huthubutu kutoka mapema na kukaa shambani kwa utulivu. Msomaji aliyewahi kusimama kwenye mwinuko wa Butimba au Luchelele usiku usio na mwezi ameziona taa hizo zikiwa zimetawanyika juu ya maji, na kila taa ina roho za watu kando yake. Risasi ya bunduki ya vita au ya mawindo makubwa, mathalan ile iitwayo .30-06, huweza kwenda kilomita nne na zaidi ikiwa haikuzuiwa, nayo ikiyagusa maji kwa pembe ndogo haizami, huruka na kuendelea. Upande wa bara hali si salama zaidi. Mwanza ni nchi ya mawe. Majabali ya matale yametanda kutoka mjini hapa mpaka Magu na Misungwi, na risasi ngumu yenye mwendo mkali ikiligonga jabali hubadili njia isiweze kutabiriwa na mtu yeyote, ilhali nyumba zimejengwa mpaka miguuni mwa mawe hayo. Mpigaji hapa hana kiambaza cha kuzuia risasi yake isipokuwa ardhi yenyewe, na ardhi humsaidia pale tu anapopiga kwa kuelekea chini, kutoka juu ya dungu au juu ya jiwe, ili risasi iliyompita au kumkosa mnyama izame udongoni hatua chache mbele. Nayarudia maneno haya kwa kila anayeniuliza, na kwa mwenye shamba lisilo na mahali pa kupiga kuelekea chini jawabu langu ni kwamba ajenge dungu kwanza, mita tatu au nne kutoka ardhini, au aiache fikra ya bunduki kabisa na kuweka mali yake katika ua imara. Dungu nimeona likijengwa kwa siku moja na watu wawili; na faida yake nyingine ni kwamba harufu ya binadamu hupita juu ya kichwa cha mnyama ambaye pua yake ni bora kuliko macho yake.

Mahali pa kuishia risasi pakisha kupatikana, ndipo bunduki ya wenzo inapoanza kuonyesha ubora wake, na ubora huo ni wa kweli. Mtutu wake una urefu wa sentimita 50 hivi, uzito wake wote ni kilo tatu au zaidi kidogo, na ubavu wake ni bapa, pasipo ule mkono wa bolti unaochomoza kando na kunasa majani na kamba za begi. Mpigaji anapousukuma wenzo mbele na chini, bolti hurudi nyuma, hulitema ganda tupu, huilaza nyundo mpaka ikakoki. Kisha kipakizi huinua risasi mpya kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu, na wenzo unapovutwa kurudi mahali pake risasi hiyo husukumwa chembani na bolti ikafungwa. Yote hayo hufanyika bila kitako kuondoka begani na bila jicho kuacha shabaha, kwa mkono ule ule ulioshika, na mwenye kutumia mkono wa kushoto hapungukiwi kitu. Kwa mnyama anayekwenda na wenziwe sita au saba, na ambaye akijeruhiwa hukimbilia matete mahali ambapo kumfuata ni hatari, uwezo wa kupiga mara ya pili upesi na kwa utulivu ni jambo la maana sana. Tena bunduki hii haijipakii yenyewe. Kila risasi hutaka tendo la mkono wa mpigaji, na kwa hiyo haimo katika jamii ya silaha za kujipakia zenyewe ambazo sheria za uwindaji za nchi hii zimezikataza.

Wala si chombo kigeni katika nchi hizi kama wengi wanavyodhani. Henry Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, katika silaha zake ilikuwamo Winchester ya risasi kumi na sita aliyotunukiwa na mwakilishi wa Marekani katika dola ya Uthmania; na msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha, ulioondoka Zanzibar mwaka 1887, ulikuwa na Winchester 50, nao ulipokuwa ukirejea pwani ulipumzika Usambiro, kusini mwa ziwa hili letu, kwa mmisionari Alexander Mackay, mwezi Agosti mwaka 1889. Askari wa King's African Rifles katika miaka yao ya kwanza walibeba bunduki za ukoo wa Martini, ambazo nazo huendeshwa kwa wenzo, ila wenzo wao hukishusha kizibo cha nyuma ya mtutu na risasi hutiwa moja moja kwa vidole. Na Theodore Roosevelt, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili mwaka 1909, alikuja na Winchester ya mwaka 1895 yenye risasi nzito ya .405, akaitumainia kwa simba kuliko silaha zake nyingine. Na Desemba ya mwaka huo akalivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu kwenda Entebbe. Nimeyataja haya kwa sababu moja. Watu hao wote walikuja na shehena ya risasi zao, masanduku kwa masanduku, yakichukuliwa na wapagazi. Hapana hata mmoja aliyetarajia kununua risasi njiani. Na mkulima wa Buchosa hana wapagazi.

Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe ya kuchagua, nami naomba msomaji anistahimilie katika habari za risasi, maana ndizo zinazoamua. Ile ambayo imejenga sifa ya bunduki ya wenzo kuliko zote ni .30-30, iliyotolewa na Winchester mwaka 1895 kwa bunduki yao ya mwaka 1894, na baadaye ikatiwa katika Marlin 336 iliyoanza mwaka 1948. Risasi yake ina uzito wa gramu 10 hivi mpaka 11, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 670 mpaka 730 kwa sekunde, haitikisi bega sana, na kwa nguruwe aliye ndani ya mita 100 haina upungufu wowote. Kubwa kuliko hiyo ni .45-70, risasi ya jeshi la Marekani ya mwaka 1873, ambayo huweza kuwa na gramu 26. Humwangusha nguruwe pasi na shaka, lakini humwadhibu mpigaji pia, na mtu anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho kabla ya kupiga, akakosa. Mimi siipendekezi kwa mtu anayepiga mara chache kwa mwaka. Iko .44 Magnum, asili yake risasi ya bastola, ya gramu 15 na nusu, ambayo katika mtutu mrefu hupata mwendo wa kutosha kwa mita 80 au 100. Kwa dungu la mwambao naiona ni ya kiasi hasa, kwa maana ni nzito, ni butu, na nguvu zake hupungua upesi ikisafiri. Ndugu yake ya .357 ni dhaifu kwa dume lenye ngozi nene ya mabegani, nami ningeiacha.

Sababu ya risasi hizi kuwa butu puani ni muhimu na yapasa ieleweke, kwa kuwa asiyeijua anaweza kujidhuru. Katika bomba risasi hulala mfululizo, pua ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake, mahali penye fataki. Ikiwa pua ni kali na ngumu, mshindo wa kupiga waweza kuichoma fataki hiyo na risasi ikalipuka ndani ya bomba, mkono wa mpigaji ukiwa umelishika. Kwa hiyo usikubali, hata kwa bei rahisi namna gani, risasi zenye ncha kali za chuma kwa bunduki ya bomba. Zimetengenezwa risasi zenye ncha laini ya mpira kwa ajili ya bunduki hizi, nazo ni salama, lakini lengo lake ni kurefusha umbali, jambo ambalo sisi hatulihitaji. Ubutu huo una fadhila yake pia: risasi ya madini laini ya risasi, butu, yenye mwendo wa wastani, hupanuka upesi mwilini mwa mnyama, na ikigonga jabali huelekea kupondeka kuliko ile ngumu yenye koti la shaba na mwendo wa mita 900. Sisemi kwamba hairuki; kila risasi huruka juu ya jiwe na juu ya maji. Nasema kwamba katika nchi yetu hii ya mawe, ule upungufu ambao wataalamu wa mbuga pana wanaulaumu katika risasi za wenzo, yaani ubutu na upole wa mwendo, kwetu ni sehemu ya ubora wake.

Lakini zinapatikana wapi? Swali hili ndilo linalowakatisha tamaa wengi. Risasi zinazotumika sana nchini ni za shotigani kipenyo cha 12, na katika bunduki za mawindo ni .375 na .30-06 zinazohitajiwa na wawindaji wa kitalii; .30-30 na .44 Magnum si bidhaa za kawaida katika maduka yetu ya silaha, na kuziagiza kutoka nje ni safari ya vibali juu ya vibali. Mtu atasema, basi na ninunue bunduki ya wenzo inayotumia risasi za kawaida. Na kweli zipo, kama ile Browning yenye kasha la risasi linalochomolewa badala ya bomba, inayokubali .308 na hata .30-06 zenye ncha kali. Ni bunduki nzuri iliyotengenezwa kwa ustadi. Walakini aliyenunua hiyo kwa mwambao wa Nyamagana au Sengerema ametatua shida ya kununua risasi kwa kuirejesha ile hatari ya risasi inayokwenda kilomita nne juu ya vichwa vya wavuvi, na mimi kati ya shida hizi mbili naichagua ya kwanza bila kusita.

Kwa hiyo ninapoulizwa na mkulima wa ekari tatu au nne anayetaka kulinda mihogo yake, humjibu kwamba shotigani ya mitutu miwili, kipenyo cha 12, yamtosha na kumzidia: kwa risasi yake moja nzito, gramu 28 au zaidi kidogo, inayofanya kazi mpaka mita 60 au 70, nayo huishiwa nguvu mapema kuliko risasi ya bunduki yoyote niliyoitaja. Marisau makubwa, yale ya punje tisa, yana watu wengi wanaoyasifu, nami siyasifu ila ndani ya hatua 30. Zaidi ya hapo punje hutawanyika, moja ikampata mnyama tumboni, akaenda kufia matetani baada ya siku mbili, na huo ni ukatili usio na faida kwa yeyote. Bunduki ya wenzo nawapendekezea watu wengine: mwenye shamba kubwa la mpunga au miwa anayesumbuliwa na makundi msimu baada ya msimu, msasi mwenye leseni ambaye uwindaji ndio shauku yake na ambaye amekwisha hakikisha, kabla ya kulipa hata shilingi moja, kwamba muuzaji wa risasi zake yupo na ana idhini ya kuziingiza. Huyo na anunue .30-30 kwa furaha. Na gobore? Gobore la fundi wa kijijini, linaloshindiliwa baruti na vipande vya nondo, halina nafasi katika mazungumzo haya. Nimeona mitutu iliyopasuka kama ganda la ndizi, na asiye na kibali chake anajiweka gerezani kwa ajili ya viazi.

Kibali chenyewe kina njia yake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 imeyaweka mambo haya mikononi mwa polisi na Msajili wa Silaha, na maombi huanzia chini, kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaomjua mwombaji na tabia yake, yakapanda kwenda kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Mwombaji hutakiwa aonyeshe umahiri wa kuitumia silaha na mahali salama pa kuihifadhi. Wako wanaonung'unika kwa urefu wa njia hiyo. Mimi naiona ina insafu, kwa sababu jirani ndiye atakayelala nyumba ya pili na silaha ile. Lakini leseni ya bunduki haikupi mnyama. Nguruwe mwitu ni nyara ya serikali kama walivyo wanyamapori wengine, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imeweka leseni ya kuwinda, na imekataza sumu, mitego, nyavu na mashimo, ambavyo wazee wetu walivitumia pasi na kuulizwa. Kumwua mnyama katika kulinda maisha au mali ni jambo ambalo sheria inalitambua, lakini hutaka kutolewa taarifa, na mzoga hauwi mali ya aliyeua. Habari ya kukesha usiku na taa imewekewa mipaka mikali, kwa hiyo mwenye shamba asiyetaka kuingia katika taksiri na aende kwanza kwa afisa wanyamapori wa wilaya, amweleze hasara yake, aulize na aina ya silaha inayokubaliwa kwa mnyama huyu, kisha ndipo aende dukani. Afisa mwenye kuijua kazi yake mara nyingi hupendelea nyakati mbili ambazo hazina ubishi, ule wa kupambazuka na ule wa kabla ya jua kuzama, na kundi lililozoea shamba halikosi kuonekana katika mmojawapo.

Kama bunduki imekwisha patikana, kuna sehemu moja ya wenzo inayotaka hadhari kuliko zote, nayo ni nyundo. Katika nyingi za bunduki hizi, hususan zile za zamani ambazo ndizo zinazopatikana kwa bei ya kufikika, hapana kufuli ya usalama. Usalama ni ile hatua ya katikati ambapo nyundo husimama nusu. Mpigaji aliyekwisha pakia, kisha nguruwe asitokee, hulazimika kuishusha nyundo kwa dole gumba huku akibonyeza kifyatulio, risasi ikiwa chembani, labda katika baridi ya alfajiri na vidole vimekufa ganzi. Kidole kikiteleza, bunduki hulia. Marlin waliongeza kufuli ya kupita ubavuni katika miaka ya 1980, nami ningelipa zaidi kwa hiyo. Lakini iwe ipo au haipo, tendo la kushusha nyundo lifanywe mtutu ukielekea udongoni, na mwenye kuteremka kutoka dunguni aitoe kwanza risasi chembani, asiseme kwamba ngazi ni fupi.

Usafi nao si mdogo kwetu sisi, ambao asubuhi zetu zina unyevu wa ziwa na alasiri zetu zina vumbi. Marlin yafunguka kwa parafujo moja ya wenzo. Bolti hutoka nyuma, na mtutu ukasafishwa kutoka upande wa chemba kama inavyopasa. Winchester ya mwaka 1894 ni ngumu kuivua, hivyo wengi huisafisha kutoka mdomoni, na ufito wa kusafishia ukikwaruza mdomo wa mtutu mwaka baada ya mwaka, bunduki hupoteza shabaha yake bila mwenyewe kujua sababu. Kwa jambo hilo, na kwa sababu Marlin hulitema ganda ubavuni na si juu, ikaacha nafasi ya kufunga darubini ndogo, mimi kati ya hizo mbili huielekeza mikono ya watu kwenye Marlin, ingawa Winchester ndiyo nyembamba na ndiyo nzuri zaidi kutazama.

Imebaki shabaha yenyewe. Nguruwe mwitu akishtuka husimamisha manyoya ya mgongoni, akaonekana mrefu kuliko alivyo, na mpigaji asiyemzoea hulenga katikati ya umbo lile, risasi ikapita juu ya uti wa mgongo au ndani ya manyoya matupu. Moyo wake u chini na mbele kuliko wa ng'ombe au mbuzi, karibu na kiwiko cha mguu wa mbele. Lenga theluthi ya chini ya kifua, nyuma kidogo ya mguu, naye akiwa amekaa ubavu. Usimpige jike lenye watoto wanaomfuata ikiwa una hiari. Akianguka, uvute wenzo kabla hujashangilia, ukae kimya, umtazame. Akikimbilia matete, usimfuate gizani. Ngoja kuche, nenda na mwenzako, mmoja akitazama damu na mwingine akitazama mbele, maana dume lililojeruhiwa hungojea, na meno yake ya chini yaliyonolewa na ya juu hukata mshipa wa paja.

Na mzoga, ukisha kutolewa taarifa na kuidhinishwa, una jambo la mwisho ambalo wafugaji wa mwambao wasilipuuze. Nguruwe mwitu na ngiri huchukua virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika, maradhi yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Montgomery huko Kenya mwaka 1921, nao wenyewe hawaugui; lakini nguruwe wa kufugwa akivipata hufa, na banda zima humfuata, na hakuna dawa. Damu iliyodondoka, matumbo, ngozi na hata viatu vilivyokanyaga pale ni hatari. Watu wasiomla mnyama huyu kwa sababu ya dini huishia hapo kwa kufukia. Wanaomla na wampike mpaka nyama ya ndani ibadilike rangi kabisa, matumbo yafukiwe kina cha mita moja na zaidi mahali mbwa wasipofika, na aliyemchuna asiingie katika banda lake la nguruwe mpaka ameoga, amebadili nguo, na amesugua viatu kwa sabuni na dawa.